Matanga ya Mtoto Aliye Hai

Goma, alasiri ya kuamkia safari yako

Sifa, mama yangu,

Nilikufanyia matanga ungali hai. Niliketi juu ya godoro katika mji ule ule wa China unakokwenda kesho, watu wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, tukasali rozari, na padri mmoja Mnigeria akaitaja roho yako kwenye misa. Wakati huo wewe ulikuwa Uganda, kambini, mzima kabisa, ukigombana na watoto wenzako kwenye foleni ya maji. Hilo ndilo la kwanza nililokuficha. Liko la pili, nalo linaishi huko huko unakokwenda. Nisipokuambia mimi, utakutana nalo chini ya ngazi za soko, au utaambiwa na mpita njia, na sitaki mpita njia awe ndiye baba yako. Kwa hiyo nitaliandika hapa, nikiwa na pumzi.

Umekwenda Birere kuaga rafiki zako na kununua kile kifuko cha kuvaa shingoni. Daktari alisema nilale. Nitalala sana baadaye. Nimemwomba shangazi yako Regina anipe mito miwili na ubao wa kuandikia, akaniuliza ninaandika nini, nikamjibu kwamba ninaandika wosia wa mbuzi. Hatuna mbuzi. Amekwenda zake akitikisa kichwa.

Mambo ya njiani sitayagusa. Shangazi yako anayajua kuliko mimi na amekwisha kuyarudia mpaka hata jirani anaweza kusafiri: pasipoti ikae wapi, usimbebee mtu mzigo, mpakani usimchekee askari wala usimkunjie uso. Uwanja wetu wa ndege umefungwa, basi utavuka ng'ambo kwa miguu na kupandia Kigali. Hayo yana maelezo. Mimi nakuandikia yale ambayo nisingeweza kuyasema mezani, Regina akisikiliza na mjomba wako Deo akiingilia kati.

Nianze na huyo Deo. Umemsikia tangu utotoni, kila sikukuu, glasi mkononi: "Bengine balirudia na kontena. Shemeji yetu alirudia na mwamvuli!" Watu wanacheka. Nami hucheka nao, kwa sababu ni kweli, nilirudi na begi moja, kikohozi na mwamvuli. Lakini ni mwamvuli mzuri. Bado unafunguka. Ile kontena aliyoileta shemeji yake mwingine iko wapi leo? Iliporwa Sake na watu wenye bunduki, ikauzwa kipande kipande. Sikuwahi kuona haya juu ya safari yangu, na sitaanza leo kwa sababu ninakufa.

Nilikuwa mwalimu wa historia na Kiingereza kule Rutshuru. Serikali ilikuwa imesahau kwamba tupo. Wazazi ndio waliotulipa, mara kwa pesa kidogo, mara kwa maharagwe, mara nyingi kwa ahadi. Nilikuwa nafundisha mapinduzi ya Wafaransa nikiwa na kiatu kimoja kizima. Kisha akaja Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu mwema, Mungu amweke pema. Alikuwa ananunua mali China na alikuwa amechoka kuibiwa kwa sababu ya kutojua Kiingereza. Alitaka mtu wa kumsemea kwa wiki chache tu. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni nilipomwambia. Alinitazama, akaitazama miguu yangu.

"Kwenda," akasema. "Ila usirudie na maneno tu. Maneno tuko nayo mingi hapa."

Nikaenda. Na wiki chache zikawa miaka, kwa sababu ya namna watu wetu wanavyofanya kazi, namna utakayoikuta bado iko vile vile, maana ndiyo kazi wanayokutuma. Mfanyabiashara mmoja wa Goma hawezi kujaza kontena peke yake. Basi wanashirikiana: huyu viatu, huyu sufuria, huyu vitenge, wote ndani ya kontena moja. Mmoja hubaki kule. Anapokea mali kutoka viwandani, anaifunga, anaandika kwenye kila mzigo alama ya mwenyewe, anapakia. Hakuna mkataba. Kuna jina lako tu. Ukikosea mara moja, jina limekufa Butembo hata kabla kontena haijafika Mombasa. Mimi nilikuwa na mwandiko wa mwalimu na sikuwahi kuwaibia. Wakaniita Mwalimu, na jina hilo likawa na thamani kuliko diploma yangu.

Viza yangu ilikwisha. Kutoka na kuingia upya kulitaka fedha ambazo nilikuwa ninazituma nyumbani, na siku zote kulikuwa na kontena moja zaidi ya kufunga. Nikawa mtu asiye na karatasi. Wewe unakwenda na karatasi safi, na hicho ndicho kitu pekee nitakachokuamuru katika barua hii: karatasi ikikaribia kwisha, rudi, hata kama kontena imebaki wazi mlango. Mengine yote fanya utakavyo.

Watu wanapenda kuuliza bei ya kuishi kule. Yule kijana Patient, aliyekwisha kufika kule, atakuwa amekuambia bei ya chumba, bei ya wali, bei ya basi la chini ya ardhi. Chumba ni ghali. Kula si ghali ukikubali kula wanachokula wao, na baada ya muda utakubali. Nimewaona wanaume wa Butembo, watu wa fufu na maharagwe, wakipigania mguu wa kuku. Lakini hiyo si gharama. Nitakuambia gharama niliyoijua mimi. Nililala na viatu. Nilijua ngazi zote za nyuma za jengo letu, ipi ina taa, ipi ina mlango unaolia. Juu ya daraja la waenda kwa miguu, karibu na soko, polisi walikuwa wakisimama na kuuliza pasipoti, na mwenzetu mmoja aliruka akavunjika nyonga. Tulichangishana akarudishwa nyumbani. Tulicheka sana tulipokuwa tukimbeba, naye alicheka akilia, kwa sababu alikuwa amekimbia vita vitatu huku kwetu bila hata kukwaruzwa.

Na dharau, ndiyo, ipo. Mwanamke alikuwa akikaa karibu nami katika basi, anafunika pua. Mwanzoni nilikuwa nainamisha kichwa. Kisha nikajifunza maneno ya kutosha, nikawa nafungua dirisha na kumwambia kwa lugha yake, kwa adabu zote za mwalimu: "Mama, karibu, hewa iko upande huu." Mmoja alicheka mpaka akapitiliza kituo chake. Usiwainamie kichwa, Sifa. Si kwa sababu wewe ni bora kuliko wao. Ni kwa sababu kichwa kikizoea kuinama hakichagui tena mbele ya nani.

Hizo zote nililipa na ninge­lipa tena. Gharama yenyewe ni nyingine. Ni kwamba watu wako wanageuka kuwa sauti. Mama yako alikuwa sauti ya Jumapili. Wewe ulikuwa pumzi kwenye simu, kisha kicheko, kisha neno moja, "Papa", ambalo mama yako alikufundisha kulisema kwa kukupa sukari, nilisikia akikuahidi. Na mtu aliyekuwa sauti, simu ikikatika, unaweza kuambiwa chochote juu yake ukaamini.

Vita vilipofika Rutshuru, mama yako alikupeleka Kalengera kwa bibi yako. Vilipofika Kalengera mkaingia katika kambi ya wakimbizi kando ya barabara. Hayo niliyajua. Kisha mtandao ukafa, Jumapili ikapita, na Jumapili nyingine.

Kambale ndiye aliyenipigia, kutoka Goma. Nilikuwa nafunga mzigo wa viatu, skochi mkononi, ule utepe wa gundi tunaofungia.

"Mwalimu, uko wapi? Ikala chini."

"Nimesimama. Sema."

"Ile kampu ya bakimbizi, baliichoma. Mama Sifa alikufa."

"Na mtoto?"

Nikasikia pikipiki zikipita nyuma yake, pembe, watu wa Birere wakigombania bei kama kawaida.

"Mutoto naye. Batu bote banasema vile."

"Nani amemwona?"

"Mwalimu, kule nani anabakia wa kuona?"

Alilia, Kambale yule, mtu mzima. Mimi sikulia. Niliendelea kufunga mzigo. Kontena ilikuwa inafungwa siku ile, na mali haikuwa yangu. Nilizungusha skochi, nikakata kwa meno, nikaandika alama ya mwenyewe kwa herufi nzuri, nikavuta mwingine. Hiyo ndiyo gharama, mama. Kumlilia mtu wako huku una gundi mkononi, kwa sababu jina lako liko Butembo na kontena haingojei. Nilipomaliza, nilishuka ngazi, nikaketi pale chini.

Chini ya zile ngazi kulikuwa na mwanamke anayeuza skochi, magunia na kamba. Anaitwa Lan. Nilikuwa mteja wake tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa shamba kutoka jimbo la mbali, na huko kwao mtu wa shamba anapoingia mjini haruhusiwi mengi: mtoto wake hapati shule kirahisi, yeye mwenyewe anatazamwa kama mwizi. Alikuwa amezoea kukimbia mgambo na kitoroli chake kama mimi nilivyozoea kukimbia polisi. Mara mbili tulikimbia pamoja, kila mmoja akikimbia wake. Siku ile hakuuliza kitu. Aliniwekea kikombe cha maji ya moto, wao wanakunywa maji ya moto hata juani, akaendelea kuuza.

Wakongomani walinifanyia matanga kama inavyotakiwa. Walihamisha vitu katika chumba cha jirani, wakatandika magodoro chini, mtu akatoa unga wa muhogo aliokuwa ameuficha kwa ajili ya Krismasi. Lan alikuja siku ya pili. Alisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, wanaume wote wakamgeukia. Mmoja akasema kwa Kiswahili, "Huyu Muchina anatafuta deni yake?" Alivua viatu, akaenda kuketi chini na wanawake, akakaa pale mpaka rozari ikaisha, bila kuelewa neno. Wanawake walimpa ndizi. Aliila yote. Ni yeye aliyenipa ule mwamvuli, baadaye, siku nilipokuwa naondoka. Deo ameucheka miaka yote hii bila kujua anacheka nini.

Miaka karibu mitatu nilikuwa baba wa marehemu. Sitakuelezea. Nilifunga mizigo.

Kisha ikaja simu ya Regina, na hiyo unaijua, kwa sababu Regina huisimulia kila anapotaka kukuchekesha. Kwamba shirika moja linalotafuta watoto waliopotea lilikukuta Uganda kwa Mama Vumilia, yule muuza ndizi aliyekuokota barabarani pembeni ya mwili wa mama yako na kukuvusha mpaka kana kwamba wewe ni wake. Kwamba hukujua jina la baba ila ulijua kusema "Mwalimu wa China". Regina akanipigia akiniita kaka mkubwa kwa kelele:

"Yaya! Sifa iko hapa! Amepatikana!"

Nami nikajibu: "Sifa gani?"

Hapo ndipo ninyi hucheka. "Papa yako alikuwa amechizika! Eti Sifa gani! Sifa iko ngapi?" Nimekaa hapa miaka yote, nikicheka pamoja nanyi.

Mama, nilikuwa na akili zangu zote. Nilikuwa nauliza swali la kweli.

Unajua kwamba ulipewa jina la mama yangu. Ndiyo maana nakuita mama. Unajua pia desturi yetu: jina la mzazi halilazwi kaburini. Mtoto aliyelibeba akifa, mtoto anayefuata analiokota, hata kama ni miaka mingi, ili bibi asipotee mara ya pili. Na unajua upande wa pili wa desturi hiyo, ambao Regina angekuambia kwa kunong'ona: jina hilo halipewi mtoto mwingine wakati mwenye nalo yu hai. Kufanya hivyo ni kumchimbia kaburi. Ni kumwambia kifo, njoo, nafasi imekwisha kujazwa.

Mimi nilikuwa baba wa marehemu, na mtoto mwingine akazaliwa. Ni wa Lan, na ni wangu. Msichana. Alipozaliwa nilimtazama nikaona paji la uso la mama yangu, juu ya macho ya watu wa kule, na nikafanya kama anavyofanya mtu wa kwetu. Nilimwita Sifa. Lan alilitamka kwa shida, akalirudia mchana kutwa akiuza skochi, mpaka akaliweza. Katika karatasi zao ana jina lingine, aliandikishwa shambani kwa kaka yake Lan kama mtoto wa huko, kwa sababu baba asiye na karatasi hana mtoto mwenye karatasi. Lakini jina lake ni Sifa. Nililitoa kwa moyo mweupe. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukosea vile, ila mtu wa kwetu aliyeshika desturi yake vizuri mno.

Alikuwa anatambaa Regina alipopiga. Nilikata simu, nikamwambia Lan, kwa maneno yangu machache, kwamba aliyekufa hajafa. Alimpakata mtoto, akafikiri. Lan hana haraka hata mgambo wakija. Kisha akasema: "Nenda. Yule anakujua. Huyu bado hakujui."

Kwenda kwenyewe, kwa mtu kama mimi, kulikuwa kujipeleka polisi. Deo husema nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Niliamka asubuhi, nikanyoa, nikavaa shati la misa, nikaingia kituoni kwa miguu yangu nikawaambia: mimi sina karatasi, nataka kwenda kwa mtoto wangu. Yule ofisa hakuamini. Alidhani ni ujanja, akaniuliza mara tatu nini ninachotaka hasa. Walinifungia kwa siku kadhaa, wakaniweka ndegeni, wakapiga muhuri kwamba nisirudi. Nilijua wangeupiga. Niliingia mlango ule nikijua unafungwa nyuma yangu na nani anabaki upande wa pili. Waambie hivyo wote watakaosema China ilinila. China haikunila. Mimi niliondoka mezani.

Nilikukuta kwa Regina, kichwa kimenyolewa, unakula kwa haraka kama askari. Hukunikimbilia. Uliniuliza, "Sukari iko wapi?"

Kwa nini sikusema? Mwanzoni kwa sababu ya Regina na wazee. Wangefanya mambo, maji, kafara, maneno juu ya kichwa chako, na wewe ulikuwa umekwisha kupata mambo ya kutosha. Mimi ni mtu niliyesoma. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba jina haliui. Lakini ulipougua homa ile kali, ulipokuwa darasa la tatu, nilikaa kando ya kitanda chako nikajikuta namsihi mtoto mdogo aliye upande wa pili wa dunia: rudisha jina, tafadhali, mwachie mwenye nalo. Fikiria, mama. Baba anamwomba mtoto wake mmoja afifie ili mwingine apumue. Ukapona, nami nikaona haya mbele ya yule ambaye hakunisikia.

Nilimpigia Lan mwanzoni, kutoka kibanda cha simu Birere. Nilimsikia mtoto akicheka. Nikatambua kinachotokea: anageuka kuwa sauti. Nilikuwa ninayajua yale. Nikapunguza kupiga. Kisha nikaacha. Nikisema namba ilibadilika nitakuwa naongopa, na leo siongopi. Namba haikubadilika. Ni mimi.

Sasa sikiliza kile ambacho sitakifanya. Sitaomba msamaha kwamba nilikwenda. Kukaa Rutshuru na kiatu kimoja kusingezuia risasi hata moja. Sitaomba msamaha juu ya Lan. Mama yako alikuwa amekufa, hilo Kambale hakukosea, na moyo si kaburi la familia kwamba ukiingia mmoja unazibwa kwa saruji. Padri alikuja juzi kuniungamisha na alitaka nilitaje hili kama dhambi. Nilimwambia, "Baba Padri, andika mengine. Mutoto haiko zambi." Akaendelea na sala. Sitaomba msamaha kwa mtu yeyote kwamba yule msichana yupo. Wakati watu huku walikuwa wanachoma kambi zenye watoto ndani, mimi niliongeza mmoja. Anayetaka kunihukumu aje, nipo kitandani, sikimbii tena.

Wala sitakuzuia kwenda. Wamekuja kunishauri, Deo wa kwanza: binti peke yake, mji mkubwa, baba mgonjwa. Nilimjibu kwamba binti huyu alivuka vita akiwa hajaota meno ya pili, na kwamba mimi sitaki kukufia mikononi ili baadaye useme ulibaki kwa ajili yangu. Nenda. Nikifa, mfanye matanga huko huko. Ketini chini, kuleni chochote. Lakini usiamini sauti ya simu. Uliza: nani amemwona?

Sikutumi kwa mdogo wako. Una haki ya kupita mbali na zile ngazi, na una haki ya kunichukia ukiwa ndani ya ndege, nimekuombea kiti cha dirishani. Nasema tu kwamba jina hilo lina wenye nalo wawili, wote wawili hai, na miaka hii yote hakuna aliyemuua mwenzake. Desturi ilikosea, au mama yangu alikuwa mkubwa kuliko desturi. Mwamvuli nimeuweka juu ya sanduku lako. Kule mvua inanyesha ikiwa na joto. Lan atautambua kabla hajakutambua wewe.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili sina cha kulitetea nalo. Mengine yote niliyafanya kwa kutojua au kwa kulazimika. Hili nililifanya kwenye kiti changu, nikiwa nimeshiba, na wewe ulikuwapo.

Ni mwaka jana, Patient aliporudi kutoka safari yake ya kwanza ya kule, akaja kunisalimia. Tulikuwa barazani. Wewe ulikuwa unamimina chai.

"Muzee," akasema, "kule sokoni, chini ya ngazi, kuko kabinti kanauzisha skochi na mama yake. Nywele kama ya kwetu, sha! Kakiona mutu wa Goma kanapiga kelele: Yambo, papa! Kanauliza kila mutu: unajua Mwalimu? Nikakauliza jina. Eti Sifa."

Wewe ulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Ata Bachina banaiba majina yetu sasa?"

Patient naye akacheka. Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote, kijana wa watu.

"Na wee, Muzee, si balikuwa banakuita Mwalimu kule? Ule mutoto, unamujua?"

Nilichukua kikombe kutoka mkononi mwako. Nikasema, "Simujui."